NYUMBA BILA NONDO? KOMPYUTA INASEMA INAWEZEKANA

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee nyumba. Siyo zile za mastaa, naongelea kitu kinachomgusa kila mwenye kiwanja, au mwenye baba mwenye kiwanja, au (kama mimi) mwenye ndoto tu ya kiwanja.

Zunguka mitaa ya pembezoni mwa Dar, au Mwanza, au mji wowote unaokua, utaona majengo yaliyokwama katikati. Chini watu wanaishi, juu nguzo zimechomoza nondo zenye kutu zinangoja ghorofa ambalo haliji. Mwenye nyumba hakuishiwa mchanga wala mafundi. Kaishiwa hela ya saruji na nondo, hasa za ile slabu, maana slabu ndiyo inayokula. Sasa wapo wataalamu ambao kwa zaidi ya miaka 15 wanatumia kompyuta kujibu swali moja: hivi vyuma vyote hivyo vina ulazima? Jibu lao limenishangaza, na sehemu ya ushahidi iko hapa hapa Afrika.

Tuanze na kwa nini slabu inakula chuma. Chukua rula ya plastiki, ilaze juu ya vitabu viwili, bonyeza katikati. Inapinda. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Sasa zege lina tabia moja: ukilibana ni jeuri, ukilivuta ni dhaifu, linapasuka. Ndiyo maana fundi anatandika nondo chini kabla ya kumwaga zege, ili chuma kipokee ule mvuto. Kwa hiyo pale katikati ya chumba, zege la upande wa chini halibebi kitu cha maana. Lipo kuzishika nondo na kuongeza uzito, na huo uzito unataka nondo zaidi za kuubeba. Ni kama umkodi kuli akubebee mzigo halafu umbebe na yeye!

Tena kuna suala la hewa. Waliosoma kemia wanakumbuka chokaa: ukiunguza mawe ya chokaa yanatoa kaboni dayoksaidi, yanabaki kitu kingine. Saruji inaanzia hapo hapo. Zaidi ya nusu ya hewa chafu ya kutengeneza saruji haitoki kwenye moshi wa kuni au makaa, inatoka kwenye jiwe lenyewe. Kwa hiyo hata kiwanda kikiwashwa kwa umeme wa jua, hiyo sehemu bado ipo. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi ambayo binadamu tunaitoa duniani. Na Afrika ndiyo kwanza inaanza kujenga. Umoja wa Mataifa unakadiria tutafika kama watu bilioni 2.5 mwaka 2050, na wote hao wanataka kulala ndani. Siwezi kumwambia mtu wa Mbagala asijenge eti kwa sababu Ulaya walishachafua hewa, huo ni uonevu. Cha maana ni kuangalia kama inawezekana kujenga kilekile kwa vitu pungufu.

Sasa chukua mkufu. Wowote, hata wa bandia. Shika ncha mbili uuache uning'inie. Umbo unaloliona siyo duara, wala hujalichagua wewe, limejichagua lenyewe. Kila kipande cha mkufu kinavutwa tu, hakipindwi hata kidogo, kwa sababu mkufu hauwezi kukataa kupinda. Piga picha kwa simu halafu igeuze kichwa chini. Hilo ni tao! Kila kilichokuwa kinavutwa sasa kinabanwa. Ukijenga kwa umbo hilo, kila tofali linabanwa tu na mwenzake, hakuna mvuto, na kama hakuna mvuto nondo inafanya kazi gani?

Aliyelisema hili ni Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1675. Jamaa aliliandika kwa herufi zilizochanganywa ili watu wasimuibie, na maana yake ikatolewa baada ya kufa kwake. (Kumbe wivu wa kazi haukuanzia kwenye blogu.) Ila kabla ya Hooke mafundi walishaijua kwa mikono. Nenda Kilwa Kisiwani, uuone Msikiti Mkuu ambao Ibn Battuta aliukuta mji wake ukiwaka mwaka 1331. Mle ndani kuna matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Nondo hakuna. Nyingine zimeanguka, nyingine zimekarabatiwa, lakini zilizobaki zimebeba uzito kwa mamia ya miaka kwenye chumvi ya bahari, mahali ambapo nondo ingeoza mapema sana.

Sasa utauliza, kama babu zetu walijua, kompyuta ya nini?

Rudi kwenye mkufu. Tundika ufunguo upande mmoja. Umbo limebadilika, siyo? Maana yake uzito ukihama, tao sahihi nalo linahama. Na huo ni mkufu mmoja. Paa la kweli ni kama wavu wa mvuvi uliotundikwa kwenye miti: kila fundo linavuta mafundo ya jirani, ukigusa moja yanacheza yote. Antoni Gaudí, msanifu wa Barcelona, alitaka kujenga kanisa kwa njia hii, akatundika nyuzi na vifuko vidogo vya risasi za bunduki vikiwakilisha uzito wa jengo, halafu akawa anatazama picha zake kichwa chini. Modeli ile ilimchukua kama miaka 10. Miaka kumi ya kufunga na kufungua vifundo! Kwa Olimpiki ya Munich ya 1972 Wajerumani walikuwa na paa la nyavu za chuma ambalo lilianzia kwenye modeli za mikono, ila mahesabu ya mwisho yakaingizwa kwenye kompyuta, na hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika.

Mtu wa kumjua kwenye hadithi hii ni Mbelgiji anaitwa Philippe Block. Alisoma MIT, Marekani, chini ya profesa John Ochsendorf, na mwaka 2009 akamaliza udaktari wake kwa mbinu ya kuchambua wavu wa nguvu. Naieleza kwa lugha yangu: unachora kwenye ramani, kama unavyotazama nyumba kutoka angani, njia ambazo uzito utapita kwenda kwenye kuta. Kompyuta inasawazisha nguvu za ubavuni kwanza, kila fundo lisivutwe upande mmoja kuliko mwingine. Ikishasawazisha ndiyo inapandisha wavu na kukuambia kila fundo likae kimo gani. Ukihamisha mstari mmoja, vimo vyote vinahesabiwa upya wakati kahawa yako bado ya moto. Miaka kumi ya Gaudí imekuwa sekunde.

Kuna kitu nataka mkishike hapa, maana watu wengi wakisikia kubuni kwa kompyuta wanafikiria kuchora picha nzuri za nyumba zenye bwawa. Siyo hiyo. Kuchora kwa kompyuta ni kama kuandika barua kwenye Word. Hii nyingine ni kama Excel: unaandika kanuni, siyo jibu. Ukibadilisha namba kwenye seli moja, jumla inabadilika chini kabisa. Vivyo hivyo unaiambia programu "upana ni mita 6, unene sentimita 10, uzito huu", halafu jengo zima linafuata. Ukisema mita 7, linajipanga upya lenyewe. Unaweza kujaribu maumbo 500 usiku mmoja ukachagua linalokula udongo na saruji kidogo zaidi. Fundi wa zamani alijaribu matatu maisha yake yote, na moja likamwangukia.

Mwaka 2016 Block na wenzake walitaka kuwakata watu kilimilimi. Wakajenga dari la mawe pale Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya usanifu. Vipande 399 vya mawe ya chokaa, upana unaozidi mita 15, na penye wembamba zaidi ni sentimita 5. Hakuna saruji kati ya jiwe na jiwe, hakuna gundi, hakuna chuma ndani. Limekaa tu kwa umbo. Ukilinganisha unene na upana, ganda la yai ni nene kuliko lile dari.

Sawa, hayo ni maonyesho ya wazungu, mtasema. Nami nilisema hivyo hivyo. Ila kabla ya Venice kulikuwa na Mapungubwe.

Mapungubwe iko kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini, pale mito ya Limpopo na Shashe inapokutana, sehemu uliyokuwa ufalme wa kale wa Waafrika waliofanya biashara ya dhahabu na pembe za ndovu, na bidhaa zake zikapita pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi. Walipotaka kujenga kituo cha kupokea wageni, msanifu Peter Rich akashirikiana na Ochsendorf na Michael Ramage wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Umbo la matao likatafutwa kwa mahesabu. Vigae vya kujengea havikutoka kiwandani. Wenyeji ambao hawakuwa na kazi walifundishwa, wakagandamiza vigae zaidi ya 200,000 kwa mashine za mkono, udongo wa pale pale na saruji asilimia 5 tu. Havikuchomwa hata kimoja, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya tanuri. (Waliowahi kuona tanuri la tofali za kuchoma wanajua linakula magogo mangapi.) Tao kubwa lina upana wa mita 14.5. Mwaka 2009 jengo hilo la udongo likapewa tuzo ya jengo bora la mwaka duniani, likiyashinda ya vioo na vyuma.

Namna ya kujenga yenyewe ni tamu. Ni ufundi wa zamani wa Catalonia, Hispania. Vigae vyembamba vinalazwa, siyo kusimamishwa kama tofali, tabaka la kwanza linaunganishwa kwa jasi, ile ile ya kwenye madari ya kisasa, ambayo inakauka ndani ya sekunde. Kwa hiyo kigae kinashika hewani fundi akiwa bado anakitazama. Huhitaji ule msitu wa mbao na mirunda chini ya slabu ukingoja siku zipite, unahitaji fremu nyepesi tu ya kumwonyesha fundi umbo liko wapi. Halafu tabaka la pili na la tatu linapita kwa mwelekeo tofauti. Hapo ndipo kompyuta na fundi wanapokutana: kompyuta inatoa umbo, mkono unalifuata.

Ramage na wenzake hao hao wakaja jirani. Kigali, mtaa wa Gahanga, kuna uwanja wa kriketi wa Rwanda uliofunguliwa Oktoba 2017. Jengo la wachezaji na watazamaji ni matao matatu yanayofuatana kama mpira unavyodunda chini, unapanda, unashuka, unapanda. Kubwa lina upana wa mita 16. Vigae ni udongo wa Rwanda uliogandamizwa na saruji kidogo, bila kuchomwa, vimewekwa na mafundi wa Rwanda. Na kwa kuwa eneo lile lina matetemeko, kati ya matabaka wameweka wavu wa plastiki imara, ili ardhi ikitikisika kuwe na kitu cha kupokea mvuto ambao tao peke yake haliupendi. Mimi hicho ndicho kilichonishawishi kuliko tuzo, maana mtu anayekuuzia ndoto hakuambii habari ya tetemeko.

Kama unawaza mbona zote ni sehemu za wageni na michezo, wapi nyumba ya mtu: mwaka 2010 Addis Ababa walijenga nyumba ya mfano ya ghorofa moja, watu wa Block kutoka chuo cha ETH Zurich pamoja na chuo cha usanifu cha Addis. Ukuta udongo, sakafu ya juu ni tao la vigae vya udongo badala ya slabu. Sababu yao naielewa kabisa: Ethiopia mbao ni haba, na chuma kinaagizwa nje kwa dola.

Na hapa ndipo naona faida kubwa kuliko zote, kwenye sakafu ya ghorofa. Paa la nyumba ya chini tuwe wakweli, bati litashinda. Ni jepesi, ni rahisi, fundi anamaliza siku mbili, mvua ikinyesha halilowi. Tao la udongo lisipozuiliwa maji vizuri, mvua ya masika italinyea mpaka lijute. Lakini kwenye ghorofa bati haliwezi kukusaidia, lazima upate kitu cha kukanyaga. Block na timu yake wametengeneza sakafu ya zege yenye ganda jembamba lililopinda chini na mbavu juu, wakaiweka kwenye jengo linaloitwa HiLo, lililofunguliwa 2021 huko Dübendorf, Uswisi. Kwa hesabu zao inatumia zege pungufu kwa asilimia 70 hivi na chuma pungufu kwa asilimia 90 ukilinganisha na slabu ya kawaida. Jiulize yule mwenye nguzo zilizochomoza angeokoa nini hata akipata nusu tu ya hiyo.

Sasa nisiwadanganye, kuna mitego.

Tao linasukuma kando. Lazima. Simama na mwenzako mkiegemeana mikono, miguu yenu itataka kuteleza nje. Usipokuwa na kitu cha kuzuia, kuta zinafunguka na dari linashuka lote kwa mara moja, bila kukuonya kama slabu inavyoonya kwa nyufa. Wenye hela ya mawe wanajenga kuta nene. Sakafu ya HiLo inatumia vyuma vya kufunga pembeni, kama kamba inavyouzuia upinde usinyooke. Kwa hiyo "bila nondo" siyo bila chuma kabisa, ni chuma kidogo kikiwa mahali pake. Mtu akisoma hapa halafu akamwambia fundi wake ajenge tao kwa macho, simo! Mahesabu yapitiwe na injinia aliyesajiliwa, vigae vipimwe nguvu, tao lijaribiwe kwa magunia ya mchanga kabla ya mtu kulala chini yake.

La pili, kazi ya mikono. Ulaya fundi ni ghali kuliko chuma, ndiyo maana wao wanahangaika na roboti. Kwetu ni kinyume, chuma ghali, vijana wa kazi wapo wamekaa vijiweni. Kwa hiyo hesabu yao siyo yetu, na naona sisi ndiyo tunaofaidika zaidi hapa: shilingi inayokwenda kwenye nondo inatoka nje ya nchi, inayokwenda kwa mgandamiza vigae inabaki mtaani. Lakini nani amfundishe? Mapungubwe mafundi walifundishwa na mtu aliyekuja kwa ajili hiyo. Akiondoka na mradi ukiisha, ujuzi unalala. Vyuo vya ufundi vingechukua hiki kitu, tungekuwa mbali.

La tatu ni aibu, na hili halina programu. Mtu akijenga kwa udongo majirani wanasema kafulia. Mshua mmoja ninayemheshimu sana nilimweleza haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nimetoka kijijini kwenye udongo, unataka nirudi?" Nilikosa la kujibu siku hiyo. Pengine picha za Gahanga zitamjibu, mimi nimeshindwa.

Kitu kingine haraka haraka: kompyuta hizi hizi zinahesabu jua pia. Dar jua la kutesa ni la asubuhi na jioni, linapiga kuta za mashariki na magharibi. Ukigeuza nyumba ndefu ielekee kaskazini na kusini, na kibaraza kikawa na urefu sahihi, feni inapumzika. Programu ya EnergyPlus ya wizara ya nishati ya Marekani inahesabu hayo saa kwa saa kwa mwaka mzima, na ni bure. Hii nitaiandikia siku yake.

Kwa wanaotaka kushika wenyewe: programu ambayo wasanifu wengi wanaitumia ni Rhino, na ndani yake ipo Grasshopper ya kuandika zile kanuni. Rhino inauzwa, bei yake siyo ya kwetu, ila wanatoa siku 90 za kujaribu bure. Kundi la Block wametoa RhinoVAULT, inayofanya ile kazi ya wavu, na COMPAS, maktaba ya Python ambayo ni huria kabisa. Asiye na Rhino anaweza kutumia Blender, nayo bure, tena kuna toleo la kubeba kwenye flashi ambalo haliombi ruhusa ya mwenye kafe. Mimi nimeanza kwa Python tupu: vipande 20 vya mkufu, kila kipande kinashuka kwa uzito wake mpaka vitulie, halafu nabadilisha alama ya kutoa kuwa kujumlisha na mkufu unasimama kuwa tao. Mistari 40 hivi, nusu saa ya kafe. Nikauongezea ufunguo upande mmoja, kama ule wa juu, na tao likaegama hapo hapo kwenye skrini. Anayetaka hiyo kodi aseme, nitaibandika yote.